Kochi la Kijani na Chumba Kinachopumua

Jumapili, 5 Machi

Bwana asifiwe! Leo ndiyo leo. Baada ya ibada Mchungaji katangaza kwamba chumba cha wageni cha kanisa kimekwisha kujengwa. Kuta nne, madirisha mawili, sakafu inang'aa. Ndani hamna hata msumari. Anatafutwa mtu wa kukipanga, ili wahubiri wanaotoka mbali wasilazwe tena ofisini juu ya mabenchi mawili yaliyounganishwa. Mhubiri wa kwanza anafika tarehe 18.

Nikanyoosha mkono hata hajamaliza kusema. Nilikuwa peke yangu kwa muda wa pumzi moja. Kisha safu ya mbele ukanyooka mkono mwingine, wenye bangili tatu. Wifi yangu! Nani mwingine?

Ngoja niseme ukweli, daftari hili halisomwi na mtu. Miaka ishirini na sita nashona mito na mapazia ya vyumba vya wenzangu. Nashona, wanakuja kuchukua, wanakwenda kupanga wenyewe. Mimi sijapata kupanga chumba kitupu hata kimoja. Hii sebule yangu nilipoolewa niliikuta imeshajaa vitu vya marehemu mama mkwe, vyuma vya mume wangu na vitambaa vya wifi. Nikapewa pembe ya cherehani. Mungu wangu, sikuombi nyumba. Nakuomba chumba kimoja tu, kitupu, nianze mimi.

Mchungaji kasema kura hapigi, kura zinavunja undugu. Jumamosi alasiri yeye, mama mchungaji na mzee wa kanisa watapita kwanza kwa wifi, kisha kwangu, waone sebule zetu. Itakayowapendeza, mwenyewe ndiye atakayepewa kazi.

Njiani wifi kanishika kiganja, kacheka, kaniambia wifi yangu mpenzi usijitaabishe, mimi nina vitambaa mia mbili na kumi. Nikamjibu kwamba Mungu haangalii wingi. Kasema kweli kabisa, ila Jumamosi anayekuja si Mungu, ni Mchungaji.

Mume wangu kasema yeye hana upande, huku mke huku dada. Kisha kaenda kukaa kwenye kiti chake. Kile kiti! Nitakisema siku nyingine, leo nina furaha.

Jumatatu, 6 Machi

Nimepeleka foronya kumi na mbili duka la juu, lile la samani za kifahari. Nawashonea mito yao mwaka wa nne sasa. Pale mimi huvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Miguu yenyewe inakataa.

Leo nimeliona. Limewekwa dirishani. Kochi la mahameli ya kijani, kijani cha chupa, mgongo umejipinda kama mtu anayesikiliza. Pembeni meza moja ya kioo. Nyuma taa ya kusimama yenye shingo ndefu. Ukutani hakuna kitu. Hakuna! Hata kalenda! Nikasimama hapo mpaka foronya zikaniteremka mkononi.

Msimamizi wa duka ni binti mwembamba, viatu vyake havitoi sauti, na ukinyoosha kidole anatokea. Mimi kimoyomoyo namwita Dada Usiguse. Nikamuuliza siri ya chumba kama kile ni nini. Kaniambia mama, chumba lazima kipumue. Nikauliza kinapumuaje. Kasema ondoa. Nikauliza niondoe nini. Kasema ondoa, kisha ukimaliza, ondoa tena.

Maneno gani hayo! Nimerudi nyumbani nayasema njia nzima kama mstari wa kukariri.

Wamenipa pia katalogi ya mwaka jana waliyotaka kuitupa. Nimeiweka juu ya Biblia kando ya kitanda. Nikaona vibaya. Nikaigeuza, Biblia juu. Sasa katalogi siifikii bila kusogeza Biblia, kwa hiyo kila nikitaka kutazama makochi nasoma kwanza zaburi moja. Leo nimesoma zaburi tisa.

Jumanne, 7 Machi

Nimeondoa. Mgongo wangu unajua.

Kalenda nne, tatu za miaka iliyokwisha. Maua ya plastiki. Kabati la vyombo lenye glasi ambazo hakuna aliyewahi kunywea. Picha ya harusi ya mtu tusiyemkumbuka. Vitambaa vya wifi ishirini na vinne, alivyotufumia tulipooana: vya mgongo wa kiti, vya mkono wa kiti, cha redio, cha juu ya friji. Na friji yenyewe. Vyote viko chumbani kwetu. Friji iko upande wa mume wangu, inanguruma. Kasema ni kama kulala na mtu mwenye hasira.

Nikasimama katikati ya sebule. Jamani, inapumua! Nimekohoa, mwangwi umeitika. Machozi yalinitoka kidogo.

Kimebaki kiti.

Basi nikiseme. Ni kiti cha mbao cha mikono, mto wake ulishabonyea ukachukua umbo la mume wangu na hauachi tena. Mikononi rangi imetoka. Mguu wa nyuma ulivunjika zamani, badala yake pana tofali. Mume wangu ni fundi wa mizani ya madukani, hawezi kuona kitu kimeinama. Tofali lile alilisugua siku mbili na kulipima kwa pima maji mpaka kiti kikasimama sawasawa. Anasema mji mzima hakuna kiti kilichosawazishwa kama kile. Inawezekana. Lakini ni tofali, jamani! Sebuleni!

Nikamwambia baba, kitoke kwa siku tano tu. Kasema mama, wewe umeniondolea kalenda sikusema, umenilaza na friji sikusema. Kiti hakitoki. Nikamwambia ni kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kasema Mungu alipumzika siku ya saba, na yeye anataka mahali pa kupumzikia.

Nimepika nikiwa nimenuna. Kala zote, kasifu.

Jumatano, 8 Machi

Chumba kinapumua, ndiyo. Ila hakina kitu cha kupumulia ila kiti na tofali. Nimefikiri tangu alfajiri. Nikapata wazo. Nahisi nimepewa kutoka juu, ingawa kuna sehemu yake sina hakika ilitoka wapi.

Nimekwenda kwa Dada Usiguse. Nikamwambia lile kochi la kijani linastahili mito ya kipimo chake lenyewe, si hii mito ya kukisia. Ila kipimo kizuri hakichukuliwi dukani watu wakipita. Linatakiwa likae karibu na cherehani, nilizoee. Siku tano zinatosha.

Kanitazama. Kisha kasema ni kweli, mito ya sasa inalikosea heshima, na kwa kuwa mimi ni mshonaji wao sijawaharibia kitu hata siku moja, nilichukue mpaka Jumatatu. Kwa masharti mawili. Nailoni lililofungiwa lisitolewe. Na asilikalie mtu. Hata wewe mama, kasema. Nikainua mkono nikaahidi.

Limeletwa kwa mkokoteni saa nane mchana. Mtaa mzima umesimama. Mlangoni likagoma. Wabebaji wakaligeuza, wakalisimamisha, wakalilaza, mmoja akabanwa kati ya kochi na ukuta, akabaki humo akitoa ushauri. Mume wangu katoka na rula yake, kapima mlango, kapima kochi, kasema fungueni miguu. Wakafungua. Likaingia kama barua.

Nilikuwa nataka kumshukuru, lakini alikwenda moja kwa moja kuliwekea pima maji. Kasema limeinama kidogo kushoto.

Kwa usalama wa roho yangu nimelipima kweli. Urefu futi saba na inchi mbili. Kina futi tatu. Mgongo inchi ishirini na tisa mpaka kwenye kile kipindo. Nimeandika hapa. Basi, sikudanganya.

Alhamisi, 9 Machi

Wifi kaja bila hodi. Kwa kaka yake hapigi hodi, anakohoa tu akishafika ndani.

Kasimama mlangoni, kauliza mnahama au mmeibiwa. Kisha akaliona kochi. Akanyamaza. Nimemjua wifi miaka ishirini na sita, sijapata kumsikia amenyamaza. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Haikudumu. Kaanza kuangaza macho ukutani, juu, pembeni. Kauliza vitambaa vyangu viko wapi wifi. Nikasema vinafuliwa. Kauliza vyote ishirini na vinne? Nikasema vyote. Kasema kumbe siku hizi unafua, hongera.

Alipoondoka nikajiona nimesema uongo. Nikavitoa chini ya kitanda, nikavifua vyote kwa mkono, kimoja kimoja, maana vya kufuma havitaki kukamuliwa. Nimevianika uani. Sasa si uongo tena. Mikono imenikunjamana.

Nikiwa nafua nikaligundua tatizo kubwa. Nailoni! Kwenye katalogi hakuna kochi hata moja lenye nailoni. Kochi langu linang'aa kama samaki kwenye ndoo. Ukiligusa linalia kwiii. Halafu nimeahidi halikaliwi na mtu, na Jumamosi wanakuja watu watatu. Niwaambie nini? Mchungaji karibu sana, simama hapo?

Mume wangu kashauri nivunje ahadi au niwakalishe chini. Kasema hivyo akiwa kwenye kiti chake, amenyoosha miguu, anakula njugu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepata! Nimepata! Nimesali, nikafungua macho, mbele yangu nikaona robota la mahameli ya kijani lililobaki kwenye kazi ya mito yao. Rangi ileile. Wenyewe waliniambia vipande vinavyobaki ni vyangu.

Nitalishonea kochi vazi la mahameli, juu ya nailoni! Nailoni halitatolewa. Ahadi ya kwanza imetimia. Na watakaokaa hawatakuwa wamelikalia kochi, watakuwa wamekalia mshono wangu. Ahadi ya pili imetimia. Vipimo ninavyo tayari. Mtu aniambie hiyo si neema.

Nimeshona tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi. Limelikaa kama kanzu ya Idi na Krismasi kwa pamoja. Ndani mahameli, katikati nailoni, juu mahameli. Kochi limevaa ngozi yake lenyewe! Mume wangu kalizunguka mara mbili, kauliza sasa la kweli ni lipi. Nikamwambia asinichanganye.

Sikulijaribu kulikalia. Mimi niliinua mkono nikaahidi, na mtu anayeshona mbele za Mungu haendi kutafuta mianya.

Kuhusu kiti tumepatana. Hakitoki, lakini hakitaonekana. Nimeshona pazia refu la kijivu, linatoka dari mpaka sakafuni, linafunika pembe nzima. Kiti kitakuwa nyuma yake. Nikamuuliza na wewe baba utakuwa wapi wageni wakija. Kasema kilipo kiti. Nikasema basi ukae kimya kama picha. Kasema hajapata kukaa vingine tangu anioe.

Nimeazima taa ya kusimama kwa mpiga picha wa mtaa wa pili. Ni ile ya kumulikia watu usoni, lakini ukiigeuza ukutani ni ya kifahari kabisa. Meza ya kioo sina. Nimechukua kile kioo cha kabati, nikakilaza juu ya ndoo mbili zilizofunikwa. Uzuri wake unaniumiza.

Nalala mapema niwe na uso mzuri. Friji inanguruma. Hata yenyewe leo naipenda.

Jumamosi, 11 Machi

Nakaa niandike yote yalivyokuwa.

Wamefika saa tisa na nusu. Mchungaji mbele, mwili wake unavyojaa mlango unaujua. Mama mchungaji. Mzee wa kanisa na fimbo yake. Na wifi! Kasema kawasindikiza tu, wasipotee. Nyumba ya nne kutoka kwake!

Mchungaji alipopita nikaona mgongoni kwake kitu cheupe. Kitambaa cha wifi, cha mgongo wa kiti, kimeshikwa na kifungo cha koti, kinaning'inia kama bawa. Kaja nacho njia nzima watu wanamwamkia. Nikakitoa taratibu, nikakikunja, nikampa wifi bila neno. Midomo ilinicheza. Naye kakificha kwapani.

Wakaingia sebuleni. Mama mchungaji kashika kifua, kasema loo, dada, hapa kama hotelini. Mzee wa kanisa kauliza vitu vimekwenda wapi. Nikamweleza kuwa chumba kinapumua. Kasema aa, na akapumua naye kidogo kwa adabu.

Nikawakaribisha kochini. Dakika ile, daftari langu, nilikuwa nimekwishashinda. Nilikiona kile chumba cha kanisa, nilijua hata pazia litaanzia wapi.

Mzee wa kanisa ndiye wa kwanza kuanza kwenda mbele. Polepole. Kakaa vizuri, kaegemea, kisha nikaona magoti yake yanasogea mbele na yeye hayafuati, yanamvuta. Kashika fimbo, kajisimika sakafuni. Mama mchungaji kakamata mkono wa kochi, nao ukaja na vazi. Nikaelewa papo hapo. Mahameli juu ya nailoni! Mimi, mshonaji wa miaka ishirini na sita, ambaye kila siku nawaambia wateja kitambaa cha kuteleza hakipandi juu ya kitambaa cha kuteleza!

Mchungaji hakuona. Alikuwa amefumba macho anaanza sala ya kuibariki nyumba. Na sala zake si fupi. Akaombea kuta, akaendelea mbele. Akaombea mikono ya mwenye nyumba, akafika ukingoni. Akaombea wasafiri, akashuka. Alipofika kwenye amani idumuyo alikuwa ametua chini kwa magoti yote mawili, macho bado yamefumbwa, sauti haikukatika.

Mzee wa kanisa kafumbua jicho, kamwona Mchungaji amepiga magoti. Akadhani ni uzito wa sala. Naye akashuka magotini. Mama mchungaji akashuka. Wifi aliyekuwa amesimama akashuka. Mimi nikashuka. Sijapata kusali kwa moyo namna ile. Nilikuwa nasali asifumbue macho.

Ndipo pazia likacheka.

Kwanza kama mtu anayekaba kikohozi. Kisha likacheka kabisa, linatikisika toka dari mpaka sakafuni. Mzee wa kanisa kaita kwa jina la Bwana nani yuko huko, kalivuta pazia kwa fimbo. Mume wangu huyo! Kwenye kiti chake, soksi bila viatu, chupa ya chai pembeni, njugu pajani, machozi yanamtiririka. Kasema shikamoo mzee. Kasema karibuni wageni, samahani, mimi ni picha.

Wifi kakaa sakafuni kabisa. Kacheka mpaka bangili zinalia. Kaniambia wifi yangu, umeondoa kila kitu hadi mume!

Mchungaji hakucheka. Anashika kiuno. Mume wangu akanyanyuka akampisha, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Mchungaji akakaa kwenye kile kiti chenye tofali. Kaegemea. Kaweka mikono pale rangi ilipotoka. Akasema aaa. Sauti ya mtu anayevua viatu vya kubana. Chai ikaja, hakuinywa. Alilala. Robo saa nzima, mdomo wazi, sisi wote tunanong'ona. Mama mchungaji kasema mwezi mzima huu hajamwona amelala mchana.

Wakati huo mama mchungaji katoka uani kunawa mikono, karudi anaita. Kasema vitambaa vizuri vile vya kufuma, mbona mmevificha nje kwenye kamba! Wifi kaniangalia. Kasema vimefuliwa, wifi yangu ni msafi sana. Angeweza kunimaliza pale pale. Hakunimaliza.

Wameondoka saa kumi na moja. Hakuna aliyesema neno juu ya sebule. Mchungaji kalipapasa tofali kwa kiatu kabla ya kutoka, kauliza nani amelisawazisha.

Chumba changu kimekwenda, Mungu wangu. Nimekiona kinatoka mlangoni pamoja nao. Nimelia kidogo jikoni. Mume wangu kaja, kasimama. Kasema lakini mshono wa vazi ulinyooka. Ni kweli, ulinyooka.

Jumapili, 12 Machi

Nilitaka kubaki nyumbani na kichwa kinauma. Kichwa kikakataa kuuma. Nikaenda.

Mchungaji katangaza. Kasema amezitembelea sebule mbili. Katika ya kwanza alishikwa asiondoke, katika ya pili hakuweza kubaki kochini. Watu wakacheka. Wifi akainama, mimi nikainama, tukakutana macho chini kule. Kisha kasema mhubiri aliyesafiri siku nzima hatafuti cha kutazama, anatafuta pa kuweka mgongo. Kwa hiyo msimamizi wa kazi ya chumba ni fundi wa mizani.

Mume wangu! Aliyekuwa nyuma ya pazia! Alikuwa amesinzia, ikabidi apigwe kiwiko asimame.

Nilikaa kama nimemwagiwa maji. Miaka ishirini na sita, jamani, na chumba kinakwenda kwa mtu ambaye kazi yake hapo ilikuwa kula njugu.

Baada ya ibada kaitwa, kapewa ufunguo mbele ya watu. Akautazama. Akaja nilipokaa. Kaniambia mama watoto, mimi najua kitu kimoja tu, kusawazisha. Nitawatengenezea kiti kimoja kama changu, basi. Cha kwangu hakiendi popote. Kitanda na meza afanye dada. Pa kukaa, mapazia, rangi na ule upumuaji wako, fanya wewe. Akaniwekea ufunguo kiganjani, akanifunga vidole.

Sikuweza kusema asante. Nimemshonea kitufe cha koti kilichokuwa kinalegea tangu mwaka juzi. Ameelewa.

Alasiri nimekwenda na wifi kukiona. Tumefungua mlango pamoja. Kitupu! Jua linaingia kwa madirisha mawili, sakafu inang'aa, hakuna hata msumari. Nimevua viatu. Wifi kaniangalia, naye akavua. Kisha kasema hapo mezani atanitilia kitambaa kimoja tu. Nikasema hata viwili. Kasema basi sita. Tumeelewana vinne.

Nina furaha mpaka naogopa. Friji imerudi sebuleni, na kitambaa chake juu. Mume wangu kasema amekosa usingizi bila ile sauti.

Jumatatu, 13 Machi

Nimerudisha kochi. Dada Usiguse kalikagua kwa dakika ishirini, kainamia, kanusa. Nailoni zima, halina mkunjo. Kasema mama, wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini katika mji huu. Nikampa vipimo kwa mwandiko mzuri. Kavipenda.

Nimetubu yote ya wiki iliyopita, moja baada ya moja, njia nzima kutoka nyumbani. Nimejiona mwepesi. Nimejifunza, kusema kweli. Mtu asitamani vya dirishani. Kiti na tofali vinatosha kumsitiri mja wa Mungu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nachukua viatu vyangu nikageuka mara moja tu kuliaga.

Lilikuwa linanitazama.

Nikawaza madirisha mawili. Lile jua la alasiri lingeliangukia mgongoni pale kwenye kipindo. Nikajikuta namwambia Dada Usiguse kwamba vipimo vya mito ni kamili, ila cha mgongo nina wasiwasi nacho, inchi ishirini na tisa, labda ishirini na tisa na nusu. Kingetaka siku chache tena, mahali penye mwanga mzuri. Kafikiri. Kasema masharti ni yaleyale, mama.

Litaletwa kanisani Ijumaa. Mhubiri anaingia Jumamosi. Mume wangu sijamwambia, ana kazi ya kusugua tofali lake jipya. Nimeshalishonea hilo tofali foronya ya kijani, litampendeza.

Na lile vazi la kochi lipo, nimelipiga pasi. Safari hii halitelezi, nimeshalipatia dawa. Nimenunua pini, boksi zima, zile ndefu za kichwa cheupe. Nitalibana vazi upande wa kukalia, mstari baada ya mstari, kichwa ndani, ncha juu kidogo ili ishike.

Wanasema mhubiri mwenyewe ni mtu mzito sana. Afadhali. Uzito wake utazikaza.